VirtualBox, KVM na Mashine Moja ya Rumonge

Wenzangu mnaobaki na funguo za chumba cha kompyuta, mmeniomba niandike niliyoyaona ili msiyarudie. Nayaandika, ingawa najua mtayarudia. Habari za vyeo na mshahara naziacha: cheo nilikuwa na kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mshahara wangu mnaujua, kwa kuwa ndio huohuo mnaolipwa ninyi.

Nilifika katika shule hii ya ufundi ya Rumonge nikiwa nimerudi na wazazi wangu kutoka Tanzania, na Kiswahili cha Kigoma, Kirundi cha nyumbani na Kifaransa cha kuokoteza. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo na fagio. Mkurugenzi wa wakati ule aliniambia chumba kimejaa kompyuta, na kweli kilijaa. Zilikuwa zimevalishwa vitambaa vya kitenge vilivyoshonwa kwa ustadi, kama maharusi, na hakuna hata moja iliyowaka. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba zinatunzwa. Nikaelewa mapema kwamba kwetu kitu kinachofanya kazi huhesabiwa kuwa kimechakaa, na kitu kilichokufa chini ya kitambaa kizuri huitwa mali ya shule.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti cha kompyuta. Alikuwa Mzee Zakariya, fundi wa redio aliyevuka ziwa kutoka Baraka upande wa Kongo, mwenye kibanda nyuma ya soko. Shule ilimwita kila kitu kilipotoa moshi. Alinifundisha kugusa chuma kabla ya kufungua mashine, ili umeme wa mwilini mwangu usiue nilichokuja kuponya. Alinifundisha kupangusa vumbi kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na kunusa kabla ya kutazama. Bisibisi alikuwa nazo mbili, na alizitumia mwisho kabisa.

"Mama Goreti," aliniambia siku moja nilipokuwa nimeishika moja tayari, "hapana kukimbilia kufungua. Mashine haijue kusema iko na ugonjwa gani. Uliza kwanza watu: nani aliigusa?"

Kwa swali hilo nimetengeneza kompyuta nyingi kuliko kwa bisibisi. Jibu la kwanza huwa "hakuna". Ukiuliza mara ya pili kwa upole, "hakuna" huyo hupata jina.

Miaka ikapita, kompyuta zenye kitenge zikazikwa, nyingine zikaja. Virusi vikaingia kwa flashi za wanafunzi na kula kila kitu, hata ratiba ya mitihani, jambo lililowahuzunisha walimu peke yao. Tukahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Kwa mwezi mzima walimu walilalamika kwamba haina virusi, wakinitazama kana kwamba nimewanyima posho.

Kisha ikaja ile mashine kubwa. Marafiki wa shule walio ng'ambo waliituma badala ya kompyuta nyingi tulizoomba, na kwa mara ya kwanza tuliletewa kitu kizuri kuliko tulichotaka. Ilikuwa na nguvu na kumbukumbu ya kutosha kubeba ndani yake kompyuta nyingine ambazo haziko. Vitabu huziita mashine pepe. Hazina chuma wala waya, ni programu tu, lakini kila moja hujiona kompyuta kamili, huwaka, huzimika, na hata huugua. Kwa shule isiyoweza kununua kompyuta tano za kufundishia mtandao, kuwa na tano za pepe ndani ya moja ni neema. Inabaki kuchagua programu ya kuziendesha, na hapo ndipo neema yetu ilipopata walimu wawili.

Mwalimu Nestori alikuwa amerudi kutoka Tanzania kama mimi, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na Kiswahili kilichopigwa pasi pia. Yeye alifundisha kwa VirtualBox. Maître Bahati alitoka Uvira, akaoa hapa, akabaki. Alisoma kwa Kifaransa, aliomba kwa sauti kila Jumapili, na alifundisha kwa KVM. Nestori alisema KVM ni ya watu wanaopenda kuonekana wanateseka. Bahati alisema VirtualBox ni ya watu wanaopenda vitufe. Wote wawili walikuwa walimu wazuri, na shule ingenufaika sana kama mmoja wao angefundisha kushona.

Programu hizo mbili zinaweza kulala kwenye diski moja kama majirani. Haziwezi kufanya kazi kwa wakati mmoja. Prosesa ina uwezo wake maalumu wa kubeba mashine pepe, na uwezo huo hushikwa na programu moja tu. Ya pili ikija huambiwa kwa Kiingereza kwamba kuna mwenzake ndani. Tuliligundua jambo hilo mapema, kwa makelele, na tukalimaliza kama watu wa Rumonge wanavyomaliza mambo ya bomba la maji: kwa zamu. Nestori asubuhi, Bahati mchana. Kila mmoja kabla ya kutoka alizima mashine zake zote, na mimi nilipita kuhakikisha. Mpango huo haukuandikwa popote, na labda ndiyo sababu ulidumu.

Sasa mnijue Espérance. Alizaliwa kambini Tanzania, akasoma kule kwa Kiswahili na Kiingereza, akafika Kabonga na familia yake akiwa msichana mkubwa. Shule ikampima kwa Kifaransa na kugundua kwamba hajui kitu. Akarudishwa madarasa ya nyuma. Akapanda, akarudia. Akaugua, akarudia. Alipofika mwaka wa mwisho kwetu alikuwa anakaa benchi moja na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari anajua kusoma. Mama yake, anayekausha ndagala, dagaa wa ziwani, kule Kabonga, alikuja mwanzoni mwa mwaka akamwambia mbele yangu, bila hasira:

"Mwaka huu ni wa mwisho. Ukirudia tena, utakuja kurudia kwenye ndagala."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa nzuri. Alitengeneza zahanati tatu za pepe, Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge, zinazopashana habari za dawa. Dawa ya malaria ikipungua Kabonga, Rumonge inajua bila mtu kupanda basi. Zote tatu zilikuwa mashine pepe ndani ya VirtualBox, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Nestori. Jury, jopo la watahini, ilikuwa inakuja kutoka Bujumbura, na kila mwanafunzi angeionyesha kazi yake ikitembea. Sheria ni moja: kazi isiyotembea haina alama, na asiye na alama za kazi anarudia mwaka.

Kwetu mgeni mkubwa akikaribia, shule hujiandaa. Nyasi hukatwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, na choo cha walimu hupewa kufuli. Mkurugenzi wetu, mtu mwenye moyo mwema na mikono isiyotulia, alikuwa ametoka kwenye semina ambako alisikia kwamba kompyuta nayo hujiandaa, na kujiandaa kwake kunaitwa mise à jour, yaani kusasisha programu zake. Akachukua ufunguo wa akiba, akaingia chumbani kwangu, akaipaka chokaa mashine.

Habari hizo niliziokota baadaye. Nilichoona ni hiki: asubuhi ya siku ya kuamkia jury, umeme ulikuwa umekatika na kurudi, mashine ikawashwa upya, na Espérance akaketi kufanya mazoezi mara ya mwisho. Akabofya kuiwasha zahanati ya Kabonga. Ikakataa. Nyanza-Lac ikakataa. Rumonge ikakataa. Kila moja ilitoa kisanduku kilekile cha Kiingereza: uwezo wa prosesa umeshikwa na programu nyingine.

Nestori alisoma, akageuka. Bahati alikuwa mlangoni, anakuja kuchukua chaki yake.

"Bahati! Umefanya nini kwenye mashine?"

"Mi? Minafika sasa hivi."

"KVM yako imeshika prosesa, na huna hata mashine moja iliyowashwa. Nani ameiambia ishike?"

"Uliza KVM."

Wanafunzi wakacheka, na kicheko hicho kilitugharimu. Nestori angevumilia kuhujumiwa, lakini si mbele ya darasa.

"Huu ni wizi," alisema. "Umeiba mchana kweupe, tena unamwibia mtoto wa watu."

Bahati alichukua chaki yake polepole. "Sawa. Basi mwizi anaenda nyumbani."

Akaenda. Espérance hakulia. Alibaki anabofya Kabonga, Kabonga, Kabonga, kama mtu anayepiga simu iliyozimwa.

Nilikaa nikatazama. Hakuna mashine ya KVM iliyokuwa ikitembea. Niliangalia mara mbili. Kwa miaka yote, KVM bila kazi ilikuwa inakaa pembeni. Sasa ilikuwa imeshika kiti ikiwa haina wa kumkalisha, na namna ya kuitoa sikuijua. Kwa hiyo niliuliza lile swali la Mzee Zakariya, nikianza na mwenye ufunguo wa akiba.

"Bwana Directeur, kuna mtu amegusa mashine kubwa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo tu?"

"Ah, kugusa hapana. Niliifanyia mise à jour." Alitabasamu. "Ilikuwa na maswali mengi, Mama Goreti. Yote niliyajibu."

"Ulijibu nini?"

"Oui."

"Kwa yote?"

"Ningejibu Non, si ingekasirika?"

Mise à jour huleta kiini kipya, ule moyo wa Linux, kwa hiyo nikamuuliza juu ya kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida hubaki kwenye diski, ukakirudia kile kipya kikikusumbua. Akasema ndiyo, mashine ilimwuliza kama iondoe vitu vya zamani.

"Wageni wanakuja," alinikumbusha. "Utaacha vitu vya zamani ndani?"

Kisha, kama kawaida ya uongozi wetu panapotokea jambo la haraka, ikaitishwa réunion, mkutano wa walimu wote. Mkurugenzi alieleza kwamba mashine haiwezi kuwa na tatizo kwa kuwa imesafishwa. Nestori alieleza hujuma ni nini. Bahati hakuwepo, hivyo alilaumiwa kwa urahisi. Mwalimu wa Kifaransa alipendekeza Espérance aeleze kazi yake kwa mdomo, kwa Kifaransa kizuri, na kila mtu akaona ni wazo la busara isipokuwa waliokuwa wanamjua Espérance na sheria ya mtihani. Tulimaliza kwa kukubaliana kwamba hali ni ya kufuatiliwa. Nami nikamfuatilia Nestori hadi nje.

"Mwalimu, mwenye kuijua KVM hapa Rumonge ni mmoja."

"Simwendei."

"Basi nenda Kabonga kwa mama yake Espérance, umweleze juu ya hujuma."

Alitembea hadi getini, akasimama, akarudi.

"Anakunywa nini?"

Hapa kwetu ombi zito haliendi mikono mitupu, nalo ombi la mtu aliyemwita mwenzake mwizi ni zito kuliko mengine. Kwa wengi hubebwa na bia. Bahati ni mlokole, kwa hiyo kosa dhidi yake hulipwa kwa Fanta. Nestori alinunua kreti nzima, akaibeba mwenyewe kupita sokoni, shati lake likipoteza pasi hatua kwa hatua. Watu walimsalimia amahoro wakitazama kreti, na kila mmoja alijua kuna mtu amekosea. Hawakujua tu ni nani.

Bahati alitupokea kama wageni wa kawaida. Mkewe, Mama Neema, alileta viti. Tukazungumza juu ya ziwa lililopanda na kula nyumba za chini. Tukazungumza juu ya bei ya mawese, na afya ya watoto wa kila mtu. Kreti ilikaa katikati, hakuna aliyeiona. Ombi halitangulii mazungumzo, lakini siku ile mazungumzo yalirefuka mpaka mawese yakaanza kuzungumzwa mara ya pili, na Mama Neema akachoka.

"Baba Neema, hawa watu hawakubeba Fanta yote hii juu ya bei ya mawese."

Nestori akakohoa.

"Bahati, ndugu yangu. Nilisema neno baya mbele ya watoto. Nimekuja kuliokota."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Masikio yangu ya leo haisikie muzuri."

"Mwizi. Nilikuita mwizi. Naomba unisamehe."

Bahati alifungua chupa moja, akampa Nestori, akafungua yake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutembea.

"Ile kitu nilikuwa najua tangu saa ileile," alisema. "Niliona tu kwenye ekrani kiini iko mupya, nikajua."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Uliniita mwizi. Mwizi anaulizwaga njia?"

Mama Neema alicheka hadi ndani ya nyumba. Bahati akaeleza, na nimeyatunza maneno yake kwa kuwa sijapata maelezo bora kwenye kitabu chochote.

"Muko na presse ya mawese, si ndiyo? Watu wawili wanaitumia. Zamani, KVM ilikuwa inakuja kwa presse kama iko na mawese ya kukamua. Ikimaliza, inaondoka, VirtualBox inaingia. Sasa hii kiini mupya imeifundisha tabia ingine. Inaamka asubuhi, mashine ikiwaka tu, inaenda kukaa juu ya presse. Kikapu iko bule, hakuna hata tunda moja, lakini imekaa. VirtualBox ikifika inaambiwa kuko mutu."

"Na kuitoa?" niliuliza.

"Ni neno moja. Unaambia Linux itoe ile kipande ya KVM kwenye kiini, basi. Lakini kama machine za mwanafunzi wangu zinatembea, haitoke. Ni kuzifunga zote kwanza."

Tukapanga. Désiré, mwanafunzi wa Bahati, yuko wa kwanza kwenye ratiba. Ataonyesha kazi yake, atafunga mashine zake, Bahati ataitoa KVM, Espérance ataingia. Tulikunywa juu ya mpango huo. Ulikuwa mpango mzuri, wenye kasoro moja tu ya kuhitaji wageni waufuate.

Asubuhi jury ikafika, watu watatu na rais wao, bwana mpole mwenye mkoba mkubwa ambao sikumwona akiufungua. Désiré alikuwa amewasha mashine zake mapema, zote zikitembea vizuri. Rais wa jury aliisoma ratiba, akamwona Espérance, akatabasamu kwa uungwana.

"Tutaanza na mademoiselle," alisema. "Wasichana kwanza."

"Bila shaka!" alisema Mkurugenzi, ambaye hajawahi kumpinga mtu aliyetoka Bujumbura.

Nilimtazama Bahati. Wenzangu, mtu asiyeijua kazi hii angedhani hakuna kilichotokea. Mashine za mwanafunzi wake zilikuwa zimewaka, kwenye kiini kipya ambacho kilikuwa kimetuonyesha jana tabia yake. Zikizimwa, nani angeapa kwamba zitawaka tena? Kama angenyamaza tu, Désiré angekuwa salama, na Espérance angekwenda kwenye ndagala, na hakuna mtu angemlaumu kwa sababu uungwana ni wa rais.

"Maître," Désiré alinong'ona, "nikizifunga, zitawaka?"

Bahati alimtazama Espérance.

"Maître?"

"Funga."

Désiré akafunga. Bahati akainama juu ya kibodi, bila kuketi, akaandika:

modprobe -r kvm_intel

Ikakataa. Ikajibu kwamba kipande hicho bado kinatumika. Nestori, ambaye siku nyingine angekuwa na la kusema, alishika mgongo wa kiti cha Espérance kwa mikono miwili.

"Kuna tatizo?" aliuliza rais wa jury.

"Hakuna hata kidogo," alisema Mkurugenzi. "Mashine yetu ina mise à jour."

"Désiré," Bahati alisema bila kugeuka, "ngapi umefunga?"

"Zote, Maître. Ile ya mwisho bado inajifunga."

Tukaisubiri ijifunge. Mashine pepe inayojizima hujizima kama mzee anayeaga msibani: imesimama, imefika mlangoni, imekumbuka neno. Ilipozimika hatimaye, Bahati aliandika tena maneno yaleyale. Safari hii Linux haikujibu chochote. Ninyi mnajua, lakini jury haikujua, kwamba Linux ikikubali hainyanyui hata nyusi.

"Mutoto, ingia," Bahati alisema, akasogea.

Espérance akabofya Kabonga. Ikawaka. Nyanza-Lac. Rumonge. Alianza kueleza kwa Kifaransa kilichovunjika mahali pengi lakini hakikusimama. Akaandika Kabonga kwamba dawa ya malaria imebaki kidogo, na Rumonge ikaonyesha taa nyekundu. Rais wa jury alitazama kwa makini, kisha akainama akachungulia chini ya meza.

"Na hizo kompyuta nyingine mbili ziko wapi?"

"Ziko ndani, Monsieur le Président."

"Ndani ya chumba gani?"

"Ndani ya hii. Zote tatu ziko ndani ya hii."

Rais aliinuka, akaigonga mashine kwa kidole, kama anayechagua nanasi. Mwenzake, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa kimya hadi hapo, ndiye aliyeuliza swali la kweli: zahanati ya Kabonga ikikosa umeme, Rumonge itasahau? Espérance hakueleza. Aliizima Kabonga palepale, akafungua Rumonge, na habari ya dawa ilikuwepo. Akaiwasha tena Kabonga, na zikasalimiana. Mwanamke yule akaandika kitu, akakiwekea mstari chini.

Walitaka aendelee kuwaonyesha. Rais alikuwa ameanza kuipenda, na alitaka kuongeza zahanati ya kwao. Espérance alimtazama Désiré, aliyekuwa amesimama ukutani akitoka jasho, akasema samahani, muda wangu umekwisha. Akazizima zahanati zake moja moja, mpaka ya mwisho, akasimama.

"Maître, nimefunga zote. Sasa ni zamu yenu."

Bahati akairudisha KVM kwa maneno yaleyale bila ile -r ya katikati. Mashine za Désiré ziliwaka zote, kwa dharau kidogo nadhani.

Kwa faida ya mtakaokuja: baadaye Bahati aliongeza kwenye maagizo ya kuwashia mashine maneno haya, kvm.enable_virt_at_load=0, ambayo yanaiambia KVM isikae juu ya presse mpaka iwe na cha kukamua. Tangu siku hiyo zamu zimerudi kama zamani. Msiyafute, hata mashine ikiwauliza kwa heshima. Nestori na Bahati waliendelea kutokubaliana, kwa sauti ya chini zaidi. Mkurugenzi aliandika katika ripoti yake kwamba mise à jour ilifanikiwa. Jury nayo iliisifu shule, ikapendekeza tununue hizo kompyuta mbili zinazokosekana.

Matokeo yalisomwa uani alasiri. Mama yake Espérance alikuwa amefika kutoka Kabonga, akasimama karibu nami nyuma ya watu wote. Majina yalisomwa kwa Kifaransa, haraka, na upepo wa ziwa ulichukua nusu yake. Jina la binti yake lilipopita alinivuta mkono.

"Wamesema nini?"

"Amefaulu."

"Kufaulu kwa kweli, ao kwa kurudia?"

"Kwa kweli, mama. Harudii tena."

Hakupiga vigelegele. Aliwapita watu kwa mabega mpaka kwa binti yake, aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima, akamshika mkono kama anayevusha mtoto barabara. Walitoka getini bila kumuaga mtu, mama mbele, akitembea haraka, kama anayeogopa kuitwa arudi.